Bango la Mastaa wa Gerezani

Ruqaya uko wapi, soma hii kwanza.

Fakhriya leo kaumbuka kwenye mkutano wa wazazi. Si unajua ile shule ya Montessori anayofundisha mtaa wa Gerezani inakufa, watoto wanahamishwa kila siku. Bi Mwanamkuu, mwenye shule, akachapisha bango: "Mastaa waliosoma hapa." Juu kabisa picha ya Sadalla, yule golikipa.

Wazazi wakaguna. Baba mmoja muuza spea akasema tuhakikishieni. Fakhriya kwa kujiamini akampigia Sadalla, akaweka spika.

Spika, Ruqaya. Mkutano mzima unasikia.

"Eeh, nilisoma hapo mwalimu. Bakora za maalim nazikumbuka mpaka leo."

Bakora. Shule inayojinadi kwamba mtoto hachapwi.

Fakhriya akadakia. "Bakora gani, kaka?"

Jamaa akacheka. "Za madrasa. Juzuu amma nimehifadhia hapo. Asubuhi nilikuwa shule ya serikali."

Yaani jengo ni moja, asubuhi Montessori, alasiri madrasa. Bi Mwanamkuu kamhesabu kila aliyewahi kuvua viatu kwenye ule mlango. Na mastaa wote wa bangoni ni wa alasiri.

Wazazi wakaanza kuinuka. Yule wa spea akauliza taratibu, bila hata ubaya, "Sasa mwalimu, aliyesoma hii Montessori yenu ni nani?"

Unajua alijibu nini?

"Mimi."

Wakampandisha, wakamshusha kwa macho, wakaenda kuchukua watoto wao.