Modesta Hakokoti Baiskeli

Jumapili, 27 Julai 2025

Jumuiya leo ilikuwa kwa Mama Winnie. Chai ya maziwa, maandazi. Laini, sikatai. Sala ilipoisha tu, akaanza: Winnie sasa anachukuliwa na basi la ofisi mlangoni na kurudishwa mlangoni. Hilo neno mlangoni alilirudia mpaka likachakaa. Wanawake hongera, hongera. Mimi nikanywa chai yangu. Halafu nikasema taratibu: wangu habebwi. Wangu anajibeba.

Wote wakanigeukia!

Nikawakumbusha, maana watu husahau. Modesta anatoka hapa Kisesa giza halijapasuka, kwa baiskeli, mpaka Kirumba kule ziwani. Anasuka mota siku nzima. Mota za mashine za kusaga, za majokofu ya samaki, anafumua waya wote ulioungua na kusuka upya. Mtoto wa kike! Jioni anarudi kwa baiskeli ile ile. Kwenda na kurudi ni kama umeenda Magu. Na kile kilima cha baada ya Igoma — wanaume wanashuka wanakokota baiskeli zao kama mbuzi mgonjwa. Wangu hakokoti. Anapanda amekaa.

Mmoja akauliza, hakokoti hata kidogo? Nikasema hata siku moja. Mama Winnie akaniongezea andazi. Nililila kwa raha zangu zote.

Nimerudi nyumbani nimemsimulia Mihayo. Mume wangu huyu Mungu alimpa kazi ya kukatisha watu hamu. Kaniuliza: wewe kilima chenyewe umewahi kukipanda kwa baiskeli? Nikamwambia mama anajua.

Jumatatu, 28 Julai

Nimeamka pamoja na Modesta kama kawaida. Uji, viazi viwili kwenye mfuko. Suruali ndani, kitenge juu. Nilipofungua mlango kengele za baiskeli za wenzake zilikuwa zimeshaanza kulia pale kwenye mashine ya kusaga. Huwa wanakutana pale, wanaondoka kundi moja kwa ajili ya giza na malori. Kuna Shimba, fundi mwashi. Kuna Yeremia na madumu yake ya maziwa, moja kila upande. Na wengine wa saruji na bustani, siwajui wote majina.

Shimba akapaza sauti: "Hakokoti! Twende, tunachelewa!"

Wamempa jina hilo siku nyingi. Nililianzisha mimi mwaka jana, niliwasifia pale pale mashineni. Kila wakiliita najisikia kama nimepakwa mafuta kichwani. Modesta hajibu. Huinama tu akaangalia cheni. Mpole, amechukua kwa baba yake. Maneno nimebaki nayo mimi.

Jumatano, 30 Julai

Nimepeleka bamia na mchicha Kirumba. Kwa gari ni kusinzia kidogo, unafika.

Nimepita dukani kwa bosi wake, Kushal. Modesta alikuwa chini amepiga magoti, waya wa shaba mikononi, hakuniona kwanza. Nikasimama nikamwangalia. Vidole vinakwenda vyenyewe! Mama yake Kushal, Jasuben, alikuwa kwenye kiti chake pale mbele. Huwa ananunua bamia zangu, anazivunja ncha moja moja kuona kama ni changa. Tukaongea. Na mimi, mdomo wangu, nikaanza.

"Mama, unajua huyu anatoka wapi kila siku?"

"Si hapa hapa Mwanza?"

"Kisesa."

"Kisesa ile ya barabara ya Musoma?"

"Hiyo hiyo. Kwa baiskeli! Ni kama Bunda ukijumlisha."

Bunda nilizidisha. Najua. Lakini sura yake ilinitamanisha kuzidisha. Alishika shavu. Akasema yeye kushuka ngazi tu kutoka ghorofani magoti yanalia, sembuse Kisesa. Akamwita Kushal, wakasemeshana kwa lugha yao, kirefu. Mimi sikuelewa, nilisikia Kisesa, Kisesa. Nikajua mtoto anasifiwa. Nimerudi nikiimba.

Alhamisi, 31 Julai

Sikuwa nikisifiwa mtoto. Nilikuwa nikimtoa.

Modesta amerudi, ameamkia, amenawa. Tukiwa tunakula akasema bosi amempa chumba. Uani, nyuma ya duka, alikokuwa akilala mpishi wao wa zamani. Kina umeme, geti linafungwa, Jasuben yuko juu ghorofani na usingizi wake ni wa paka. Hadai kodi. Jumamosi jioni aje nyumbani, Jumatatu arudi. Eti Jasuben amemwambia Kushal: binti ya watu hawezi kupanda baiskeli kutoka Kisesa kila siku wakati sisi chumba kimejaa maboksi. Kushal anataka jibu tarehe kumi na moja, baada ya Nane Nane.

Nikamuuliza, wewe umesemaje?

"Nimesema nitamuuliza mama."

Na mimi nikasema — mimi mwenyewe, kwa mdomo huu — lakini si mbali kihivyo.

Mihayo akapaliwa na ugali. Alipopata pumzi akasema: "Jumapili ilikuwa Magu. Jana ikawa Bunda. Leo imekuwa hapo kisimani."

Modesta akainama akacheka. Mimi sikucheka.

Jumamosi, 2 Agosti

Mwanangu Paulo naye alisema anakwenda Geita miezi miwili mitatu atazame upepo. Mwaka wa nne huu. Anakuja Krismasi, akija. Anapiga simu, mama hujambo, mama salio linakata.

Nafikiri mambo ya kijinga. Jioni Modesta akirudi, mbwa ndiye anayejua kwanza. Anainuka, anakwenda kwenye michongoma, mkia unaanza. Mimi naingiza kuni, maji yapate moto. Kisha kengele. Kisha "shikamoo mama". Sasa bila hayo jioni inaanzaje? Ya sisi wawili, mimi na Mihayo na redio yake.

Halafu watasema nini? Nimewaambia watu wote mwanangu anakwenda Kirumba na kurudi. Hiyo ndiyo sifa yetu. Akihamia uani kwa watu atakuwa msichana wa kawaida aliyepanga mjini. Na Mama Winnie ana basi lake la mlangoni.

Nimeandika hilo nikaliangalia. Si zuri. Liache.

Jumatano, 6 Agosti

Modesta hasemi. Nikimuuliza, unataka? Anasema vyovyote utakavyoona, mama. Mtoto gani huyu! Wenzake wanapiga kelele, wananuna. Wangu anakaza tu skrubu.

Leo nilimwambia Mihayo: wote mnasema mbali, mbali, kana kwamba ni Burundi. Nitakwenda mwenyewe. Keshokutwa Nane Nane, duka limefungwa, baiskeli haina kazi. Nikifika mimi, mama mzima na uzito wangu, neno mbali limekufa.

Akauliza, utavaa suruali ya nani?

Nikasema yako.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Nimekaa kwenye mkeka, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Niandike kabla sijasahau. Ingawa magoti hayatanisahaulisha.

Nilitoka Modesta amelala. Sijui nimemwona lini amelala vile, mdomo wazi kama alipokuwa mdogo. Nikafunga kapu la mchicha kwenye keria, zawadi ya Jasuben, na sababu ya kuwaambia watu. Pale mashineni walikuwa wachache, wa maziwa na vibarua. Maziwa hayajui sikukuu.

"Hee, Hakokoti leo kanenepa!" Yeremia huyo.

"Nyamaza, ni mama yake," Shimba akamwambia. "Shikamoo mama. Kuna msiba?"

Nikasema marahaba, hakuna msiba, nakwenda Kirumba. Walitazamana. Hawakucheka, nawashukuru. Wakaniweka katikati. Shimba akatangulia, akasema kaa nyuma yangu mama, upepo nitaukata mimi, ila usifunge breki ghafla.

Mwanzo — raha! Nisiongope. Nilijifunza baiskeli nikiwa msichana, nilikuwa nabeba pamba ya baba. Mwili haukusahau. Baridi usoni, kengele zinaitikiana, na mimi na suruali ya Mihayo. Nikawa nawaza maneno nitakayomwambia jioni. Hata tulipofika Igoma nilikuwa bado nayatunga.

Kwenye malori ndipo maneno yalipoanza kupungua. Linakuja nyuma yako, hulioni, unasikia honi tumboni. Ukingo wa lami umeliwa, ukitoka unaangukia kwenye kokoto, ukibaki linakufuta. Wenzangu wanateremka na kupanda bila hata kugeuka. Nilikuwa nasali rozari bila rozari.

Kisha kilima.

Wote wakashuka. Shimba, Yeremia, wote, kama waliopigiwa filimbi. Mimi nikakanyaga, nikakanyaga, nikasimama juu ya kanyagio, baiskeli ikaanza kuyumba. Nikashuka. Tukawa tunakokota sambamba, tunahema. Na hapo wanaume wakaanza kuzungumza. Njia nzima hawakusema. Pale ndipo wanapozungumza — nani kapata kazi wapi, ng'ombe wa nani katoroka, Yeremia na mchumba wake anayemsumbua. Nikaona kumbe hapa ndipo kijiweni kwao.

Nikamuuliza Shimba, na Modesta hapa anakuwaje?

"Anapita. Anatungoja kule juu."

"Peke yake?"

"Peke yake."

Nikasema, kwa fahari, siku zote ni hodari sana yule. Shimba akasogeza baiskeli yake karibu na yangu. Kisha:

"Mama, usinielewe vibaya. Sisi wote hapa tunashuka. Hakuna anayepanda kilima hiki akiwa anakwenda kazini, mguu wa kufanyia kazi utautoa wapi? Yeye mwanzo alikuwa anashuka na sisi. Ulipokuja pale mashineni ukasema hakokoti, vijana wakamtania — haya panda, mama yako kasema. Akapanda. Tangu hapo hajashuka. Mwezi wa tano alikuwa na malaria, nikamwambia mdogo wangu shuka, hakuna anayekuona. Akasema, mama ameshasema."

Mama ameshasema.

Na mama mwenyewe ni nani? Mimi!

Baada ya hapo kundi likaanza kuisha. Vibarua wakakata kushoto Nyakato. Shimba akabaki Buzuruga kwenye jengo lake. Yeremia na madumu Mabatini. Akaniambia kuanzia hapa, mama, Modesta huwa yuko mwenyewe, shikilia kushoto. Nikaenda mwenyewe. Katikati ya mji, bodaboda kila upande, nikawaza: na jioni je? Jioni wanatoka saa tofauti. Jioni ni mwenyewe tangu huku mpaka kwenye michongoma.

Nilijua nimefika Kirumba kwa harufu ya dagaa. Jasuben alikuwa kwenye baraza la juu anaanika pilipili. Akaniona nimeegemea ukuta, siwezi kuinua mguu niutoe juu ya baiskeli.

"Mama Modesta! Umekuja na nini?"

"Si unaona?"

Akashuka zile ngazi zinazoliza magoti, na maji kwenye jagi. Tukakaa kizingitini, yeye na magoti yake, mimi na yangu. Akauliza, haya, ni mbali? Nikasema si sana. Jagi lilikuwa linagonga meno yangu. Tukaangaliana tukacheka mpaka Kushal akachungulia. Halafu akanionyesha chumba. Maboksi wameshatoa. Dirisha linatazama ukuta, lakini juu ya ukuta kuna kipande cha ziwa, chembamba kama mkanda. Nikakagua komeo la mlango. Zuri. Nilitafuta kasoro, nikaona bomba linavuja. Nikamwambia bomba linavuja. Akasema litatengenezwa leo.

Nimerudi kwa gari, baiskeli juu ya keria. Modesta alikuwa nje, akanisaidia kuishusha. Hakuuliza nilikuwa wapi. Aliangalia matairi, aliangalia suruali ya baba yake.

"Ulikokota pale?"

"Nilikokota."

Akazungusha kanyagio kwa mkono. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo: "Pakoje ukikokota?"

Nikamwambia wanazungumza sana. Kwamba mchumba wa Yeremia anamsumbua. Akasema hee, simjui hata huyo mchumba.

Jumapili, 10 Agosti

Sikwenda jumuiya. Nimesingizia magoti, na si uongo.

Kesho ndiyo Jumatatu, siku ya jibu. Modesta yuko uani, ameipindua baiskeli, anatia mafuta cheni. Mihayo amekaa karibu na redio, ameipunguza sauti. Mtu huyu hapunguzi redio hata akiwa na mgeni.

Nimetoa blanketi jipya sandukuni, la kwenda nalo Kirumba. Nimelirudisha. Nimelitoa tena, nikalikung'uta, lina harufu ya dawa ya nondo.

Sasa hivi ameniuliza kupitia dirishani: "Mama, kesho nimwambie bosi nini? Umekwenda umeona. Ni mbali, au si mbali?"

Nimemwambia ngoja, naandika.

Maana hapo ndipo penye kazi. Nikisema si mbali, ataniamini. Atakwenda na kurudi mpaka nywele ziwe nyeupe, na kile kilima atakipanda amekaa. Nikisema ni mbali, ataniamini vilevile. Sijawahi kuogopa mdomo wangu kabla ya leo.

Ameita tena. Nimejifanya sikusikia. Gurudumu limeacha kuzunguka. Namsikia anafuta mikono, anavua ndala mlangoni. Mihayo amezima redio kabisa.

Blanketi liko hapa kitandani. Sijalirudisha.