Kiti cha Obura

Nakuru, 14 Oktoba 2007

Baba mpendwa,

Habari za huko Subukia? Mimi ni mzima, kikohozi kimeisha, sijui kama chako nacho kimekuachia. Mwambie Mama sweta ilinitosha.

Nakuandikia kwa sababu simu ya jirani yetu Wangui hukatika kabla sijafika kwa jambo lenyewe, na hili nataka ulisikie lote. Uliniuliza ninafanya nini chuoni hadi saa kumi na mbili jioni wakati masomo ya kompyuta huisha saa tisa. Sina mvulana. Ninajifunza ngoma.

Ajit, fundi anayetunza kompyuta za chuo, ana programu ya kufundisha salsa na merenge, miziki ya dansi ya ng'ambo. Kwenye kioo wanatokea wanamuziki wamejipanga: wa vijiti, wa piano, wa kikwaruzo cha bati, na wa zile ngoma ndefu zinazoitwa konga. Ukimbonyeza mmoja ananyamaza na wengine wanaendelea. Mimi humzima yule wa konga, halafu napiga meza mahali pake. Nikikosea, bendi hainicheki. Merenge ni rahisi, ni mguu huu na mguu huu. Salsa ndiyo inanitoa jasho. Sauti inahesabu moja, mbili, tatu, inaruka nne, inaendelea tano, sita, saba, inaruka nane, na pale inaporuka ndipo konga inalia. Mwanzoni nilimwambia Ajit programu imeharibika, haijui kuhesabu. Alicheka mpaka akavua miwani.

Usikasirike. Masomo sijaacha.

Binti yako,
Chelangat


Subukia, 28 Oktoba 2007

Binti yangu Chelangat,

Tumefurahi kusikia una afya. Kikohozi changu bado kinanitembelea asubuhi, na mama yako anakilaumu kwa tumbaku niliyoacha kabla hujazaliwa. Mvua ipo, mahindi ni mazuri.

Barua yako niliisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimeketi. Nilikupeleka chuo ili upate kazi ya ofisini, na sasa naambiwa unapiga meza. Lakini nitasema kweli, nilijaribu hesabu yako nikikamua. Merenge mikono yangu ilikuwa inaijua tangu zamani. Hiyo nyingine, nilipofika nne nikaacha, ng'ombe akageuka kunitazama, kisha akapiga ndoo teke.

Cheza na mashine yako, sikukatazi. Lakini kama unawaza kwenda kupiga ngoma hotelini, hapana. Siwezi kuwa mzee wa kanisa huku binti yangu anawapigia walevi ngoma. Nakupenda, na ndiyo sababu nasema wazi.

Baba yako


Nakuru, 9 Desemba 2007

Baba mpendwa,

Natumaini mmeamka salama, na ndoo imepona. Hapa joto ni jingi na kampeni zina kelele, lakini tuko sawa.

Nimepata mwalimu mwenye mikono ya kweli. Anaitwa Obura, anaishi na mama yake mlango wa tatu kutoka kwangu hapa Kaptembwo. Yeye ndiye mpiga konga wa bendi ya Mzee Hiram, inayopiga hotelini Jumapili mchana. Mchana, Baba, watu wakinywa soda na watoto wao. Obura si mtu wa kusifu. Nikipiga vizuri anatazama dirisha, na hivyo ndivyo ninavyojua.

Nilimwomba Hiram nafasi. Akasema bendi ina kiti kimoja cha konga na kina mwenyewe. Nakitaka kile kiti. Nakitaka mpaka nakiombea kabla ya kulala. Nipe ruhusa, ili siku kikipatikana nisikukosee.

Binti yako,
Chelangat


Subukia, 6 Januari 2008

Chelangat wangu,

Uko salama? Sisi tupo. Tangu matokeo ya kura yatangazwe watu wanafukuzana kwa kabila; Wangui ameondoka usiku na watoto, na simu imeenda naye. Barabara haieleweki. Barua hii naipa dereva wa lori la maziwa, nikiomba ifike. Hiyo ruhusa tutaizungumza ukija. Kaa ndani.

Baba yako


Subukia, 3 Februari 2008

Chelangat,

Hii ni barua ya tatu tangu mwaka uanze. Redio ilitaja Kaptembwo na mama yako akaizima. Tangu siku hiyo hatusemezani sana, kila mmoja anaogopa atakachosema mwenzake.

Yale niliyoandika kuhusu hoteli na kanisa, yafute. Niandikie neno moja tu, hata jina lako.

Baba


Nakuru, 17 Februari 2008

Baba na Mama,

Niko hai na sijaumia. Barua zenu tatu nimezipata jana kwa pamoja. Chuo kilikuwa kimefungwa, nazo zilikuwa zimelala ofisini. Niliposoma ile ya mwisho nililia mbele ya karani. Wiki tatu nimelala kanisani na akina mama wengine. Chakula kilikuwepo, Mama, usijitese na mawazo.

Obura hayuko. Nyumba yao ilichomwa. Ameenda kwao Ugenya na mama yake kwa lori, na ngoma zake zilibaki hotelini kwa sababu lori lilijaa watu. Alhamisi Hiram alinijia. Hoteli inafungua Aprili. Akaniambia, "Kalia hicho kiti, Chela. Sina mwingine."

Baba, nilikiombea. Kila jioni nilimbonyeza yule mtu wa konga akanyamaza, nikakaa mahali pake nikafurahi. Sasa nimepewa vile vile nilivyoomba, na siwezi hata kuzigusa zile ngoma. Ajit amenifungulia kompyuta tena, lakini nawaacha wote wapige, mimi nasikiliza tu. Niambie hapana, kama ulivyosema mwezi wa kumi. Safari hii nitashukuru.

Binti yenu,
Chelangat


Subukia, 2 Machi 2008

Binti yangu,

Mungu ni mwema. Mama yako amelala na barua yako chini ya mto siku nne, ndiyo maana nimechelewa kujibu, nilikuwa naingoja.

Hiyo hapana siwezi kukupa. Wangui alipokimbia aliacha ng'ombe wake bandani. Siku ya pili huyo ng'ombe alilia mpaka sauti ikakauka. Ng'ombe asipokamuliwa kiwele huvimba, ugonjwa huingia, na mwenyewe akirudi anakuta maziwa yamekwisha. Basi nikaruka ua nikamkamua. Majirani wawili wameacha kunisalimu, mmoja akiona naiba, mwingine akiona nawasaidia waliofukuzwa. Nami sijamwita ng'ombe wangu hata siku moja.

Njia ilipofunguka wiki hii, nikijua tayari uko salama, nilimtafuta Wangui hapo Nakuru, kwenye kambi ya waliofukuzwa katika uwanja wa maonyesho, nikamwambia mwenyewe; kwako sikufika kwa sababu lori lilikuwa linarudi saa ile ile. Alitazama kando mpaka nikaondoka. Sikudanganyi kwamba nilirudi na moyo mwepesi. Kesho yake nilikamua tena, na maziwa humfikia kila lori likishuka.

Kapige. Lakini mtafute Obura kwanza, umwambie kwa mdomo wako, usingoje aambiwe na watu. Kanisani nimekwisha sema kwamba binti yangu anapiga ngoma hotelini. Watu walikohoa kidogo, kisha tukaimba.

Baba yako


Nakuru, 13 Aprili 2008

Baba mpendwa,

Habari za Mama na za kikohozi? Mimi ni mzima, na leo nina jambo la kusimulia.

Namba ya Obura nilipewa na Hiram tangu Machi. Niliogopa. Mchana huu bendi ikijipanga nikaona siwezi tena kuahirisha, nikampigia nikiwa nimesimama karibu na ngoma zake. Nikamwambia yote: kiti, maombi yangu, hata yule mtu niliyekuwa nikimzima kwenye kompyuta. Nilipomaliza nilimkumbuka Wangui wako alivyotazama kando, nikajua sasa ni zamu yangu.

Kisha akasema, "Weka simu hapo chini, piga."

Nikapiga nikiwa bado nimesimama, Hiram akinishikia mapigo kwa vijiti. Nilipiga muda mrefu, nikidhani hata laini imekatika. Nilipoinua simu nilimsikia akivuta kamasi.

"Unakimbia," akasema. "Punguza. Na hiyo ndogo ngozi imelegea. Ikaze kabla watu hawajaingia."

Hakusema kama atarudi, nami sikumuuliza. Nilikaza ngozi, Baba, halafu nikakaa.

Binti yako,
Chelangat