Kabati Lililolia Hospitalini

Kolwezi, Jumanne

Kambo mpendwa,

Mjukuu wako anakusalimu na anaapa kukusimulia yote, hata aliyonikataza Mama Mdogo. Hospitali anakofanya uuguzi imepewa simu zenye programu ya kuwaarifu wauguzi kila kipindupindu kinapoingia mahali papya. Ni nzuri mno. Zimefungiwa kabatini zisiibwe, na ufunguo anao mkurugenzi, aliyekwenda Lubumbashi kufundishwa kuzitumia.

Leo asubuhi kabati lililia tena. Wauguzi wakalizunguka, wakalisikiliza kwa heshima kama wako misani. Muuza mandazi wa langoni akaingia na ndoo yake ya maji ya klorini.

“Bamama, munangojea kabati ihubiri? Kuyeni munawe mikono! Mi bashofere baliniambia kuko ugonjwa tangu juzi.”

“Tata Mukubwa alisema tungojee ujumbe rasmi,” Mama Mdogo akajibu, akimaanisha mkurugenzi.

“Basi mumuambie kipindupindu nacho kingojee!”

Wote wakacheka, isipokuwa Mama Mdogo. Alichukua bisibisi akavunja kufuli, ingawa anajua ataandikiwa barua ya onyo. Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa siku tatu zilizopita: kipindupindu kiko Fungurume, kwenye kisima cha nyuma ya soko. Kisima chetu, Kambo!

Programu yenyewe haikukosea, na bado natumaini siku moja nitakuwa muuguzi mwenye simu mfukoni. Dereva anayekuletea kadi hii atasubiri jibu mlangoni. Nakupenda sana, chemsheni kila tone.

Niambie kweli: wewe na mdogo wangu mmekunywa maji ya kisima kile wiki hii?

Wako, Béatrice