Wufa Niliyoichagua Mimi

Shianda,
Jumamosi asubuhi.

Senje wangu Maximilla,

Sasa hivi Elvis amelala kifudifudi juu ya wufa, ile spika kubwa ya kunguruma, iliyotolewa kwenye gari, akaipiga makofi mara mbili, akangoja. Ilipokaa kimya aliniangalia kama mimi ndiye nimeizima. Halafu akashuka, akafuata kuku nje. Kwa hivyo nimepata mikono miwili ya kukuandikia.

Pole, nimeanza na mtoto kabla ya salamu. Habari ya Lugari? Mguu wako umepoa? Mmemaliza kupalilia mahindi ama mvua imewafungia ndani? Sisi huku tuko wazima, tunamshukuru Mungu. Mtoto ametimiza mwaka mmoja na miezi minane. Naandika kwa sababu kwa simu mume wangu Wangila angesikia, na nakuandikia wewe kwa sababu wewe ni dada ya Baba, na mambo ya nyumba yangu nilifundishwa kuyaleta kwa senje. Mama angelia kabla ya kufika mwisho wa karatasi.

Unajua Wangila aliacha kukata miwa akaanza kutangaza kwa gari: mazishi, mikutano ya wakulima, krusedi za makanisa. Spika za kwanza zilipokufa mwezi wa nne, tulienda Kakamega mjini kwa duka la fundi mmoja anaitwa Kipkoech, tuchague zingine. Alitupangia zote mezani. Alisema tusidanganywe na wati kubwa zilizoandikwa kwenye boksi, hiyo ni nguvu ya kupiga kelele mara moja tu. Tuulize ile spika inaweza kubeba kutwa nzima, halafu amplifaya ilingane nayo. Akasema tena kwamba maneno hukaa kwenye sauti nyembamba, kwa hivyo mtu wa kutangaza achukue honi, zile za mdomo mpana za kufungwa juu ya gari. Wufa ni ya vijana wanaotaka kutikiswa kifua.

Akajaribu honi. Senje, hiyo kitu ililia mpaka mama mmoja huko nje akaangusha ndizi. Wangila alishika masikio akicheka. Elvis alikuwa mapajani kwangu anakula biskuti. Aliendelea kula.

Kisha Kipkoech akawasha wufa. Mtoto aliacha biskuti, akaweka mkono kifuani, akacheka mpaka pumzi ikamkwama. Kipkoech akasema huyu ni DJ, mzee ajipange. Wangila alifurahi sana, lakini bado alitaka honi. Mimi ndiye niliyekataa. Nilimwambia siku hizi watu wanataka mzigo, sauti nzito, tukiwa na wufa hata harusi zitatuita. Wangila anapendanga kusema mke wake ana masikio kuliko fundi, ingawa niliishia darasa la nane, basi akanisikiliza. Tukachukua wufa mbili na amplifaya ya kuziendesha. Honi tukaziacha.

Wiki mbili zilizopita alitumwa kutangaza mkutano wa wakulima wa miwa, kutoka hapa Shianda mpaka Musanda. Mkutano ulikuwa Jumanne. Watu wa Musanda walikuja Jumatano wakakuta viti vinarudishwa. Wanasema walisikia Juma, halafu kunguruma. Mama Roda, mwenyekiti wao, alimwambia Wangila mbele ya watu kwamba yeye alidhani imepita trekta inayoumwa na tumbo. Watu walicheka. Wangila naye alicheka, lakini nyumbani hakula. Tangu hapo hajaitwa kazi, na krusedi ya Butere wamempatia mwingine.

Alienda kumgombeza Kipkoech kwamba alimuuzia amplifaya mbovu. Kipkoech alimjibu polepole kwamba amplifaya ni nzima, na honi alizisema, ila mama mtoto ndiye alikataa. Wangila akarudi kuniuliza kwa nini niling'ang'ania. Nilisema sijui. Leo Kipkoech amekubali kubadilishana, amekuja na honi, wako hapo nje wanazifunga.

Senje, najua. Nilianza kujua Elvis akiwa na miezi tisa. Sufuria ilianguka nyuma yake, hakugeuka. Nikimwita amenipa mgongo haitiki, akiuona uso wangu ndio anakuja mbio. Watu wakimsifu kwamba ni mtoto mtulivu, mimi nasema asante. Siku ile dukani niliona kuna sauti moja inayomfikia. Nikataka iwe ndani ya gari ya baba yake. Sikufikiria wakulima wala kazi. Wangila hajui habari ya wufa, na ya mtoto pia hajui.

Nilimpeleka kliniki peke yangu. Nesi alisema kuna kipimo cha masikio, kuna watoto wanavalishwa vifaa wakasikia, na kuna wanaozungumza kwa mikono na wanasoma mpaka chuo. Alisema nirudi Alhamisi na baba yake. Mimi na Elvis tumeshatunga ishara ya maziwa. Jana aliitumia kuomba uji, kwa hivyo sasa ni ya chochote kilicho kwa kikombe. Anashika haraka, Senje. Utaona.

Naomba uje kabla ya Alhamisi. Sitaki unisemee, nitasema mwenyewe. Nataka tu Wangila awe na mtu mwingine wa kutazama wakati namwambia.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na binti yako Nekoye umwambie sweta aliyotuma imemtosha mtoto. Mimi Naliaka wako niko salama, isipokuwa hayo.

Ngoja kidogo, Wangila ananiita. Honi zimeshika, nafikiri hata ng'ambo ya mto wamesikia. Anasema kwenye maiki kwamba Mama Elvis atoke nje, yeye amemwita mtoto kwa jina mara tatu, na mtoto yuko hapo tu nyuma ya gari na hageuki, nije haraka niangalie kama ni masikio yake au ni…