Nimemsingizia Mke Wangu Kwamba Ndiye Anayezima Injini ya Ndege

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana nimejifunga kamba kwa mikono yangu na sasa ncha yake siioni. Mimi ni mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, shule niliishia darasa la sita, lakini kwa injini sijawahi kushindwa, uliza yeyote huku kwetu, kuna trela liliwahi kufa gia zote likabaki na ya kurudi nyuma peke yake, mimi nikalileta kinyumenyume mpaka gereji, siku nzima, shingo ikakaa upande wiki mbili, na hata kuku sikumgonga. Kila mtu ananiita Mjomba, hadi walionizidi umri.

Basi nimeunda ndege. Usicheke mshauri, ni ndege kweli, ya viti viwili, mwaka wa nne huu naiunda kwenye banda la zamani la kuranda mbao nyuma ya nyumba, kwa ramani niliyoagiza, na injini yake niliitoa kwenye gari la mashindano lililopinduka, ni ile aina isiyo na pistoni, ndani kuna pembetatu ya chuma inayozunguka tu kama mgeni anayetafuta pa kukaa, nyepesi, lakini nguvu zake ni za ng'ombe dume arobaini. Mabawa ni ya kitambaa, na kitambaa chote amekishona mke wangu, ambaye ni fundi cherehani, miezi kumi na minne, vidole vikivimba anavifunga kitambaa na kuendelea. Nilimwahidi mbele za watu kwamba abiria wa kwanza atakuwa yeye.

Shida ilianza tulipoitoa kwenye uwanja wa jirani na banda kuijaribu. Nikikaa peke yangu injini inanguruma vizuri, silensa, yaani ule mngurumo wa chini kabla hujavuta mafuta, imetulia, nikivuta mkono wa mafuta inapanda mpaka mabati ya banda yanatetemeka. Akipanda mke wangu, tukifika mwisho wa uwanja nikavuta mafuta yote, inakohoa mara mbili tatu, inazima. Akishuka, inawaka. Nikasema ni uchafu, nikasafisha nozeli zote nne, nikabadilisha filta, nikabadilisha pampu, nikakagua waya za sensa mmoja mmoja. Nikijaribu peke yangu, safi. Akipanda, kimya. Mara sita, mshauri. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye ni fundi wa friji na ni mwembamba kama njiti, akapanda yeye, ikanguruma. Akaniambia, "Mjomba, pima presha ya mafuta anti akiwa amekaa." Nikamjibu, "Wewe rudi kwenye friji zako, injini hii naisikiliza kwa sikio."

Kesho yake gereji wakaniuliza, "Mjomba, ndege vipi, mbona tunaisikia tu hatuioni?" Ningesemaje, kwamba nimeshindwa? Nikasema, "Ndege haina tatizo, tatizo ni breki niliyoioa." Walicheka mpaka mmoja akaangusha spana mguuni. Lile jina likatoka pale likafika sokoni kabla yangu, wateja wake wakawa wanaingia na kusema, "Breki, sketi yangu bado tu?" naye anacheka nao, anawapa sketi zao. Mimi aliniuliza mara moja tu, akiwa anatunga uzi kwenye sindano, "Hivi kweli ni mimi?" Nikamwambia, "Wapo watu wenye mkosi na mashine, mama, si kosa lako." Nikajiona nimemfariji.

Sasa siku kumi na tisa zilizopita, mchana mmoja, yeye akiwa kwa dada yake, yale maneno ya mpwa wangu yakawa yananiwasha kama upupu. Nikabeba mfuko wa saruji nikauweka kwenye kiti chake, nikaongeza nusu ya mwingine, nikaufunga mkanda kama abiria mwenye heshima zake, nikafunga geji kwenye njia ya mafuta, nikawasha, nikavuta. Presha ikaporomoka, injini ikakohoa, ikazima. Mshauri, saruji haina mkosi. Nikaingia chini ya kiti na tochi, nikakuta mpira wa mafuta unaotoka kwenye tangi kwenda kwenye pampu, nilioupitisha mimi mwenyewe chini ya fremu ya kiti kwa kutafuta njia ya mkato, umelainishwa na joto, na mtu mwenye mwili wake akikaa, fremu inashuka inaubana kama mrija wa soda katikati ya meno. Silensa inatosheka na mafuta kidogo ndiyo maana ilitulia, ukidai mengi hayapiti. Nikaunyoosha, nikausogeza pembeni, nikaufunga kwa waya, nikarudisha saruji stoo, nikanawa mikono, nikanyamaza.

Kumbe mwenzangu tangu siku ile ya mkosi anakula nusu sahani. Mimi niko naye meza moja, nikadhani amekosa hamu tu. Jumanne iliyopita ameanguka akiwa kwenye cherehani, mpwa wangu ndiye aliyemwinua na kumpeleka zahanati, wakasema damu imepungua. Mpwa akanivuta nje, akasema, "Mjomba, anti anajikondesha ili ndege yako imbebe. Anasema zimebaki kilo saba." Nikamwambia nimesahau koleo bandani, nikaenda kusimama huko.

Jumamosi nimealika mtaa mzima uwanjani. Nimewaza niseme tu kwamba mkosi umeisha, apande, ndege iruke, afurahi, nani atajua? Maana nikisema ukweli, gereji watanicheka mpaka nizeeke, na lile jina la fundi asiyeshindwa ndilo peke yake linalonifanya nikae sawa na kaka zangu waliosoma. Lakini usingizi umenihama, na nikimwona anasukuma sahani pembeni natamani ardhi ipasuke. Na kwa kuwa naungama, niungame yote: nimewaambia watu ndege ilishawahi kupanda kimo cha mnazi. Haijapanda hata kimo cha goti. Nifanyeje?

Ni mimi, Mjomba.

JIBU

Mjomba, pole sana, na pole zaidi kwa mkeo. Kabla ya kukujibu nimempelekea barua yako fundi mmoja anayekagua ndege ndogo, kwa sababu mimi kazi yangu ni nyumba za watu, mipira ya mafuta siijui. Yake nitakupa, lakini yanasubiri. Ya mkeo hayasubiri.

Kwanza nikusifu, kwa kuwa umezoea kujisifu peke yako. Ile saruji uliiweka mwenyewe, hakuna aliyekulazimisha. Fundi mwenye kiburi kamili angeendelea kulaumu mke mpaka leo. Wewe ulitaka kujua, na ulipojua iliuma, ndiyo maana umeniandikia. Moyo wako haujafa.

Sasa nikukaripie. Siku kumi na tisa, Mjomba! Ulinyoosha mpira siku hiyo hiyo, mke ukamwacha amebanwa. Kila mlo tangu hapo amekuwa akilipa kosa ambalo ulishajua ni lako. Na huo mpango wa kusema mkosi umeisha ni mbaya kuliko uongo wa kwanza, maana ataamini kwamba ni ile njaa yake iliyoponya injini. Kesho ndege ikikohoa kwa sababu nyingine, ataacha na hiyo nusu sahani. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa maradhi ni yako, anayeanguka ni mwenzako.

Mwambie leo, sio Jumamosi, na sio mbele za watu ambako atalazimika kutabasamu. Mshike mkono mwende bandani, mwonyeshe ulipopitisha ule mpira, mweleze habari ya saruji kama ulivyonieleza mimi, bila kuongeza trela wala ng'ombe dume. Kisha mrudishe zahanati mkiwa wawili, umsikie mganga kwa masikio yako. Siku ya pili nenda gereji, kwa wale wale, useme: "Mke wangu hakuwa breki, mimi ndiye niliyekosea njia ya mafuta." Watacheka. Watu wa gereji hucheka kila kitu, wiki ijayo watacheka kingine. Ila kuanzia hapo, anayelitamka lile jina umkatize papo hapo, kila mara. Na mpwa wako umwombe radhi. Friji zake zilimfundisha kupima.

Mtaa waambie Jumamosi imeahirishwa. Fundi wangu anasema mpira uliowahi kubanwa hivyo haunyooshwi, unatupwa, kwa sababu ndani huwa umeshachanika na vipande vyake vitaziba nozeli ulizosafisha. Weka mpya, wa kuhimili presha na joto, upite mbali na kiti na mbali na bomba la moshi, ushikwe kwa klempu, sio waya. Halafu rudisha saruji kwenye kiti, pima mafuta yanayofika kwa dakika nzima injini ikidai yote, uandike, na uite mkaguzi. Anasema pia ndege mpya haibebi abiria siku ya kwanza, awe mnene awe mwembamba. Anayeirusha ni rubani mwenye leseni, peke yake. Kuhusu leseni hukuniandikia neno, na mtu anayesimulia mengi kama wewe asingeisahau. Kama huna, anayerusha si wewe.

Baada ya hapo mkeo ataamua kama anataka kupanda. Huenda akakataa, na huenda asikuongeleshe siku nyingi. Usimkatize, usimletee kichekesho, usitoke kutafuta koleo. Kaa umsikilize, maana siku atakayokukasirikia wewe ndiyo siku atakayoacha kujikasirikia mwenyewe.