Uzi wa Mkononi

3 Machi

Shikamoo mama,

Goti linasemaje? Huku mimi mzima, ila koo limekauka kwa kupiga kelele. Nimepewa darasa la pili, na wana midomo hao!

Nina mtoto mgeni, kwao wamehamia karibuni. Mkononi ana uzi mweusi. Bibi yake alimfunga siku kaka yake alipofariki, na kwao haukatwi mpaka udondoke wenyewe. Wenzake wanauvutavuta. Nataka kumsimamisha mbele aeleze mwenyewe, labda watamzoea. Unaonaje?

Mwanao

7 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti lina kiburi kuliko wewe.

Usithubutu! Nimefundisha mpaka nikazeeka: mtoto hasimamishwi mbele ya watu aeleze msiba wa kwao. Mwache akae kitini kwake. Kama lazima waone mtu wa tofauti, anza na wewe. Waonyeshe unavyoandika kwa mkono wa kushoto, wacheke weee, wachoke. Halafu nenda ukakae na mama yake.

Mama yako

12 Machi

Shikamoo mama,

Pole na goti. Barua yako imenikuta nimeshaharibu. Alieleza vizuri, kwa sauti ndogo. Mmoja akauliza, "Kaka yako alikufa na nini?" Akajibu, "Homa." Darasa zima likanyamaza, mama, na hawa hawajawahi kunyamaza.

Jana anayekaa naye dawati moja kalazwa. Homa. Leo hakuna anayetaka kukaa karibu na huyu mwenye uzi, na mzazi mmoja kaja getini kusema uzi utoke au mtoto atoke. Mwalimu mkuu kanipa mkasi, kasema, "Maliza hili jambo." Nimeufungia kwenye droo.

Nikajaribu la kwako, nikawaonyesha mkono wangu wa kushoto. Hawakucheka. Naogopa.

Mwanao

15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Tangu nisome barua yako chakula hakipiti.

Huo mkasi urudishe leo hii hii. Na huyo mtoto usimwache na wenzake hata kidogo. Wakipiga kelele, wewe shukuru Mungu. Wakitulia ndipo uogope. Nijibu haraka, tafadhali.

Mama yako

24 Machi

Shikamoo mama,

Natumaini goti limepoa. Nisamehe kwa kuchelewa.

Mkasi niliurudisha. Watoto wakaja na wa nyumbani. Niliitwa ofisini mara moja tu, na niliporudi walikuwa wamemzunguka, wametulia tuli, wamemshika mikono kwa upole kama nilivyowafundisha kushikana tukiimba. Kiongozi wa darasa akaniletea ule uzi kiganjani, anatabasamu. "Mwalimu, tumemponya."

Hakulia. Alijishika mkono mtupu, akaniuliza kama kaka yake atajua. Hajarudi tena. Nimeenda kwao, nyumba tupu, hata mapazia hayapo. Naumia, mama, maana ni mimi niliyemsimamisha mbele.

Yule mgonjwa kapona, jana karudi. Wote wakanitazama, kama wanasema: unaona, mwalimu? Nikawageuzia mgongo niandike tarehe ubaoni. Kimya. Nilipogeuka, wote walikuwa wanautazama mkono wangu ulioshika chaki.

Usishangae mwandiko huu mbaya. Najizoesha kutumia mkono wa kulia.

Mwanao