Msiba Nilioupeleka Kazini

Jumatatu, 6 Februari 1984

Mazoezi tangu saa nne mpaka saa kumi. Mafuta usoni tena. Binti wa vipodozi ananipaka kama anapaka sufuria, anasema taa zinapenda weusi unaong'aa. Nikamwacha amalize.

Bengt, mwongozaji wetu, amenisimamisha mara tatu leo kwa sababu Kiswidi changu ni kizuri mno. Miaka tisa niko nchi hii. Nimesoma, nimefanya mitihani, leo naambiwa nikivunje. Mama wa Kiafrika hatamki hivyo, anasema. Nikakivunja. Wenzangu wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Nimerudi nyumbani Farsta na ladha mbaya mdomoni, na haikuwa njaa.

Niandike na hili nisije nikajidanganya: nautaka mchezo huu. Nimekuwa yaya, mfagiaji, mkimbizi asiyesema, mkono unaomimina kahawa kwenye tangazo. Mkono tu. Mwanamke wa safari hii ana jina, ana sentensi kumi na moja, na ana kilio kwa mwanawe aliyekufa. Onyesho la kwanza ni tarehe 24.

Alhamisi, 9 Februari

Telegramu kutoka Tanga. Dada Saida amefariki Jumanne. Amezikwa jana. Kaka Rajabu ndiye aliyeandika: mtoto asiambiwe peke yake, tafuta wazee.

Mtoto ni Tatu, bintiye Saida. Ana miaka kumi na tatu, ninaye hapa mwaka wa nne huu. Alikuwa shule. Nilikaa jikoni na koti mwilini, sijui muda gani.

Kwetu habari ya msiba haitupwi mezani. Kwanza unasema mtu anaumwa. Kisha anaumwa sana. Kisha wanakuja wazee, mfiwa anakalishwa, wa kumshika yuko karibu, ndipo aambiwe. Wazee wangu hapa ni Mzee Kassim na mkewe Bi Hawa, Waganda wanaokaa Hjulsta, upande wa pili wa mji, ndio wanaotuzikia na kutuozesha sote. Nikiwapigia leo, kesho nyumba imejaa, magodoro chini, siku tatu hazipungui. Bengt hatangoja siku tatu. Ana Dalva, mcheza dansi wa Kibrazili, anakaa mstari wa mbele kila siku akijifunza nafasi yangu endapo nitaugua.

Tatu aliporudi nikamwambia mama yako anaumwa. Hatua ya kwanza. Zilizobaki nimeziahirisha mpaka tarehe 25.

Nimeandika hivyo kwa mkono wangu mwenyewe. Mwanamke mbaya.

Ijumaa, 10 Februari

Kilio. Sentensi zote kumi na moja ni za Kiswidi kilichovunjika, lakini hapa Bengt hakuandika kitu. Sema chochote kwa lugha yako, akasema. Hakuna atakayeelewa.

Nilikuwa nimepanga kutaja majina ya mboga. Nikafungua mdomo, akatoka Saida. Saida, dada yangu, umekwenda hukuniaga. Umeniachia mtoto, nitamwambia nini. Nikapiga magoti. Nilipoinua uso Bengt analia, binti wa vipodozi analia, Dalva ameshika mdomo.

Bengt akanikumbatia. Hivyo hivyo, akasema. Kila siku hivyo hivyo.

Nikaenda chooni nikanawa uso. Kisha nikarudi nikalia tena, maana taa hazikukaa sawa mara ya kwanza.

Jumapili, 12 Februari

Tatu amemrekodia mama yake kaseti. Alijifungia na redio yangu tangu asubuhi. Nilisikiliza mlangoni kama mwizi. Kiswahili kikimkwama anaingiza Kiswidi, kisha anarudi kueleza. Ugua pole mama. Nimefaulu kuogelea. Mama mdogo atakuwa kwenye mchezo mkubwa.

Amenipa niipeleke posta kesho. Nimeitia mkobani.

Jumatano, 15 Februari

Kaseti bado imo mkobani. Kila nikitafuta ufunguo naigusa.

Bengt amekipanga kilio. Hatua tatu kwenda kushoto, jina la Saida, nararua mtandio, naanguka, nasota. Sasa ni Saida wa hatua ya tatu. Leo mara kumi na moja. Mara ya saba nikagundua nafikiria kama nimetoa nyama kwenye barafu nyumbani, na machozi yanashuka vizuri tu.

Kwetu hatulii hivyo. Marehemu mama angenizaba kofi. Ungeambiwa nyamaza, usimpigie maiti kelele, mwombee dua. Hakuna mwanamke wa Tanga anayesota sakafuni na kurarua nguo. Hicho ni kilio cha Mwafrika aliyemo kichwani mwa Bengt, mimi nimemtilia dada yangu ndani. Nimempa bure.

Nachukia sauti yangu. Nachukia pia kwamba ni nzuri.

Jumamosi, 18 Februari

Bi Hawa amepiga simu kunijulia hali. Akauliza Tanga hawajambo? Nikasema hawajambo wote. Akasema alhamdulillahi.

Tatu anauliza kila siku kama kuna barua. Hatua ya pili nimeshaitumia juzi: anaumwa sana. Tangu hapo hali chakula vizuri. Anauliza kwa Kiswidi ni ugonjwa gani. Nasema madaktari bado wanatazama. Madaktari gani, jamani. Siku ya kumi na moja leo Saida yuko kaburini.

Jumatatu, 20 Februari

Mama Béatrice, Mkongo anayefagia jukwaa, amenisubiri kwenye ngazi. Akanisalimia vizuri, kisha akaniuliza taratibu, "Huyu Saida uko unamulilia kila siku, ni nani yako?"

Nikasema ni mchezo tu. Akanitazama, ufagio mkononi. "Hapana, mama. Ule ni mutu." Akaongeza kwamba kwao ukilia hivyo majirani wanakuja kukaa na wewe, lakini mimi ananiona nalia halafu nakunywa kahawa.

Siku kumi nimejiambia hapa hakuna anayeelewa, na yeye alikuwa nyuma ya pazia wakati wote huo, akifagia na kusikiliza. Aibu ilinipanda mpaka masikioni.

Jumanne, 21 Februari

Tatu amekuja na karatasi ya shule. Darasa lake litakuja Alhamisi kwenye mazoezi ya mwisho, yale ya mavazi kamili, saa saba mchana. Mwalimu wao ameomba nafasi kwa sababu yangu. Tatu ameliambia darasa zima. Alikuwa na furaha, wiki nzima sijamwona hivyo. Nikatia sahihi. Kalamu ilikuwa tayari mkononi kabla akili haijafika.

Kisha ikafika. Saida wa hatua ya tatu. Umeniachia mtoto, nitamwambia nini. Na mtoto mwenyewe amekaa kitini kati ya wenzake ishirini na tano.

Nikampigia Bengt hapo hapo. Nikamwambia nataka kubadilisha maneno ya kilio. Akasema haiwezekani, maneno hayo ndiyo roho ya mchezo. Nikasema hujui hata maana yake. Akasema ndiyo maana anayapenda.

Nikamwambia Tatu asije, mchezo si wa watoto. Akaniuliza kwa Kiswidi kama namwonea haya. Akaingia chumbani kwake.

Jumatano, 22 Februari

Nimekwenda Hjulsta baada ya mazoezi. Mji mzima toka mwisho mmoja hadi mwingine, nimesimama kwenye treni njia nzima ingawa viti vilikuwepo.

Mzee Kassim alikuwa ametoka kazini, bado na sare ya reli. Nikamwamkia, nikamwambia. Saida amefariki. Wote wawili wakasema inna lillahi, Mzee akainua mikono akamwombea. Kisha Bi Hawa akauliza tangu lini. Nikasema telegramu ilifika tarehe tisa.

Akaanza kuhesabu kimya. Namwona midomo. Akaacha.

"Na wewe ulikuwa unafanya nini, mwanangu?"

Nikawaambia yote. Bengt, Dalva, mtandio, Saida wa hatua ya tatu. Nilitaka wanitukane. Mzee alitazama zulia. Bi Hawa alivuta buibui lake karibu, kama mtu aliyekaa jirani na uchafu, na sikumlaumu. Kisha Mzee akasema watakuja kesho saa moja asubuhi, kabla mtoto hajatoka. Niandae chai.

Wakati natoka Bi Hawa alinifunga kifungo cha koti cha juu.

Alhamisi, 23 Februari

Wamekuja saa moja kasoro. Tatu alikuwa amevaa gauni zuri kwa ajili ya mchezo, ingawa nilimkataza. Alipowaona wazee mlangoni asubuhi yote ile, alijua. Mtoto wa Kiswahili hata akikulia kwenye theluji anajua. Alikaa mwenyewe bila kuambiwa.

Mzee alimwambia kwa maneno machache na ya heshima. Bi Hawa alimshika. Hakupiga kelele. Aliinamisha kichwa begani kwake, Bi Hawa akamsomea dua sikioni.

Baadaye akauliza kwa Kiswidi, lini. Mzee akanitazama. Nikasema tarehe saba. Nikasema nilijua tarehe tisa. Tatu akatazama kalenda ya ukutani, ile aliyoizungushia leo kwa wino mwekundu.

"Kaseti je?"

Nikaitoa mkobani. Akaichukua, akaniambia nisimshike.

Saa tatu nikampigia Bengt. Nimefiwa, siji. Akanipa pole, pole ya kweli nadhani. Kisha akauliza nani. Nikasema dada yangu, Saida. Sauti yake ikachangamka. Kwa hiyo ilikuwa kweli, akasema. Kila kitu kilikuwa kweli. Akaniomba nifike saa saba tu, kwa saa mbili, kwa sababu sijawahi kuwa karibu na nafasi hii kama leo.

Nikakata simu. Nilisimama pale nikanawa mikono kwa sabuni, kisha nikanawa tena. Lakini Saida nilimpa mimi mwenyewe.

Jumamosi, 25 Februari

Nyumba imejaa. Magodoro chini, viatu mpaka kwenye ngazi, jirani wa chini kapanda kuuliza kuna nini, kisha karudi na keki ya mdalasini. Mama Béatrice amekuja na sufuria la wali, hajui mtu hata mmoja, akakaa jikoni akaosha vyombo vyote. Ni Mkatoliki. Khitma ilisomwa akiwa amejifunika mtandio wangu.

Mimi nimekaa pembeni ya Bi Hawa. Wanawake walilia kidogo, kwa staha. Nami nilitaka kulia. Pumzi ikaja ikajipanga yenyewe, ile ya kifuani, ya kabla ya hatua ya kwanza. Niliitambua. Nikafunga mdomo. Watu watasema mdogo wake marehemu hakutoa hata chozi. Wacha waseme.

Mama Béatrice ameniambia kwamba jana onyesho lilifanyika. Dalva amelia badala yangu. Alimtaja Saida, hatua ya tatu, kushoto. Watu walisimama kupiga makofi. Mpaka mwezi wa tano, kila siku isipokuwa Jumatatu, mwanamke asiyemjua atamwita dada yangu mbele ya watu wasiomjua. Nilijua nimeuza. Sikujua kwamba ukishauza huwezi kurudi kuchukua.

Tatu hasemi nami. Anakula kwa Bi Hawa, analala kwa Bi Hawa, hapo hapo sebuleni kwangu.

Jumanne, 28 Februari

Wageni wameondoka. Nimekunja magodoro. Tatu amebaki nami kwa sababu Mzee alimwomba. Shule kesho.

Saa tisa alasiri Dalva kapiga simu. Pole nyingi, kwa Kiswidi chake kizuri, ambacho naye bila shaka anaambiwa akivunje. Akajiumauma. Bengt amemtuma. Maneno ya kilio aliyashika kwa sikio tu, Bengt anasema sauti hazisikiki halisi. Je, naweza kumsomea pole pole aandike? Alikuwa anaona haya. Hana kosa, maskini, na yeye juzijuzi tu alikuwa mkono unaomimina kahawa.

Nikamwambia chukua kalamu. Nikamwambia yale ya zamani yaache yote, hayakuwa sahihi. Lile jina hasa lisisikike tena. Haya ndiyo yenyewe.

Na nikamsomea kanuni za chumba cha kufulia cha jengo letu, zilizobandikwa mlangoni kwetu, nikizifasiri moja moja kwa Kiswahili. Safisheni kichujio, enyi jirani zangu. Futeni sakafu. Aliyechelewa nusu saa amepoteza zamu yake. Nilizisoma kwa uchungu unaostahili. Dalva aliandika, akarudia, ana sikio zuri sana. Alipofika kwenye zamu iliyopotea sauti yake ilikatika kidogo.

Nikageuka nikamwona Tatu kwenye mlango wa jikoni. Sijui alisimama pale tangu lini. Siku tano hajanitazama usoni, sasa alikuwa ananitazama. Nilidhani nimeharibu tena.

Akasema, kwa Kiswidi, kwamba nimesahau mazulia.

Nikatafsiri. Mazulia hayafuliwi humu. Dalva akaandika, akauliza kama hapo apandishe sauti. Nikamwambia ndiyo, hapo ndipo penye uchungu wenyewe. Tatu hakucheka. Alivuta kiti, akakaa.